Miksa ya Matundu Manne

Ngokolo, Jumamosi, 1986

Nilisema tununue miksa kubwa, ile mashine ya kuchomekea vyombo na kuchanganya sauti zake. Masanja, mpiga gitaa wetu, akang'ang'ania hii ya matundu manne kwa sababu mchimbaji wa Rwamgasa aliyekuwa akiiuza alipunguza bei na kutuongezea hedifoni. Hedifoni tunazihitaji, maana Mama Kabula mwenye nyumba ameapa kwamba tukimpigia kelele tena, tutahama.

Basi leo tumefanya mazoezi kimyakimya. Magitaa ya umeme tuliyasikia masikioni mwetu tu. Mpiga ngoma alipiga godoro. Mimi mwimbaji nikafumba macho nikaachia sauti yote, maana bendi ilikuwa tamu kweli.

Nilipofumbua macho, mlango umejaa kina mama, kanga viunoni, wengine na kuni, wengine na unga. Mmoja alishaanza kulia.

"Poleni wanangu," Mama Kabula akasema. "Nani amefariki?"

Masanja akavua hedifoni, akamweleza kwamba ule ni wimbo wa harusi.

Mama akanigeukia. "Kuhama hamhami, mwanangu. Ila rudisheni sauti ya magitaa."

Unga wakaondoka nao.

Miaka yote hii nilidhani magitaa yananisindikiza. Kumbe yalikuwa yananisitiri.