Selika au Lansa

Jumamosi, Juni 1996

Muuzaji magari wa Mabatini kapandisha bei tena. Anajua magari ya mbio mjini hapa ni hayo mawili tu, Selika nyekundu na Lansa ya turbo.

Nimeyajaribu yote mawili. Lansa inachomoka kama mshale. Selika imetulia, na kiti cha abiria kinalala vizuri.

"Shemeji atapenda ipi?" akaniuliza.

Sikumwambia kwamba mke wangu Rehema alirudi kwao Bukoba tangu Pasaka. Nikajibu, "Selika," nikalipa alichotaka bila kubishana.

Sijui kama Rehema atarudi.

Jioni nimeendesha peke yangu hadi Ilemela. Gari likatumbukia kwenye shimo, nikakigeukia kiti cha abiria nikasema, "Pole, mama."

Hakuna aliyeitika.