Waliotusubiri Dirishani

9 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta una nafuu, na kwamba nyonga imeanza kukuruhusu kukaa kitini bila kusaga meno. Mimi mzima wa mwili. Msalimie sana Shangazi, na umshukuru kwa kukupokea.

Nimeona niandike kwa sababu simu imegoma. Kila nikipiga, Shangazi ananiambia umelala. Asubuhi umelala, mchana umelala, wakati wa taarifa ya habari umelala. Baba, tangu lini wewe ukalala wakati wa habari?

Najua ni mambo ya hospitali. Basi niyaseme mwenyewe, usije ukashika ya mitaani. Ukingo wa mto ulipobomoka asubuhi ile, kikosi changu cha uokoaji kilikuwa na boti moja tu ya mpira. Nyingine zilikuwa upande wa pili wa mji. Kiongozi nilikuwa mimi, hapakuwa na wa kumuuliza. Wodi ya wazazi na ya watoto ziko upande wa chini, na maji yalikuwa yameshafika kwenye magodoro. Wodi yenu ya wazee iko mwisho wa jengo, juu kidogo. Mzee mmoja aliyefungwa plasta anachukua nafasi ya akina mama watatu na vichanga vyao. Nikaamua: wazazi kwanza, watoto wafuate, wazee mwisho. Nilijua uko humo. Tulipogeuka kuja kwenu, shuka likajisokota kwenye panga la injini, ikazima. Tukaja kwa makasia, tukafika tumechelewa.

Tume ya uchunguzi imenihoji, ikasema uamuzi ulikuwa sahihi. Na wewe uliyepuliza kipenga viwanjani miaka yote ndiye uliyetufundisha kwamba refa hana ndugu. Ulimpa kaka yangu kadi nyekundu, marehemu mama akiwa amekaa jukwaani. Mbona mimi nanuniwa?

Nijibu tafadhali.

Binti yako


22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga inauma ikitaka, haina ratiba. Shangazi yako mzima pamoja na kelele zake. Na ni kweli nilikuwa silali, nilikuwa nafumba macho tu.

Barua yako nimeisoma. Ripoti nzuri, imekosa muhuri tu. Mimi sina ugomvi na boti. Ungenichukua mimi ukamwacha mzazi na kichanga chake, ningemtazama nani usoni? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sasa umenigeukia, lakini ni ule ule na nimeunoa mwenyewe. Hilo limekwisha.

Ila kwenye ripoti yako sikumwona Kiberiti. Yule fundi cherehani wa kitanda cha jirani, mwembamba kama njiti, aliyekuwa anatibiwa kifua. Ndiye aliyekuambia, uliponiletea matunda, kwamba sare yako imeshonwa vibaya mabegani. Kiberiti alikuwa na miguu yake. Ngazi ya kwenda ghorofani ilikuwa nje ya mlango wetu. Maji yalipofika magotini angeweza kuondoka, akaishi. Badala yake akararua mashuka, akanifunga kwenye godoro la sponji, godoro akalifunga kwenye nondo za dirisha, akalishikilia lisipinduke. Nilimfukuza. Akasema refa gani aliwahi kusikilizwa. Akashikilia hivyo hivyo mpaka kikohozi kikamzidi na mikono ikaishiwa nguvu, akaenda na maji. Vijana wako walinikuta peke yangu.

Sasa nipigie hiyo hesabu. Mwenye nyonga mbovu yuko hai, anakunywa chai. Aliyekuwa anatembea tumemzika. Kila asubuhi Shangazi yako ananiuliza nimeamkaje, nami nageukia ukutani.

Baba yako


29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumai hujambo. Mimi sijambo kwa kusema tu.

Kiberiti alikosea. Naandika hivyo nikijua utachukia. Mmoja wa uhakika ni bora kuliko wawili wa kubahatisha. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo ninavyowafundisha vijana. Wewe kuwa hai hakumfanyi awe sahihi. Siku ile kila mtu angefuata moyo wake, tungezika mji mzima.

Na mimi je? Umewahi kuuliza nalala vipi? Wale akina mama wananisimamisha barabarani. Mmoja amempa mtoto jina langu, akanilazimisha nimpakate. Nimempakata huku nawaza plasta yako. Siwezi kumwambia mtu, maana wote wananipongeza, na wewe ambaye hunipongezi hutaki kuongea nami.

Ulitaka nifanye nini? Nitajie kitu kimoja tu. Kama kilikuwa kinawezekana, nitakupigia magoti. Kama hakipo, pokea simu.

Binti yako


17 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumai unaendelea vizuri. Shangazi anasema barua yangu uliisoma, ukaikunja, kisha ukamkataza kunipa habari zako. Na hilo la kukatazwa amenipa pia.

Sikuandikii kukulazimisha. Wakubwa wameniagiza niandae mwongozo: siku ya janga nani atolewe kwanza, nani abaki. Wanasema nina uzoefu. Nimeandika, "Wagonjwa wazee wasioweza kutembea watatolewa mwisho," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Nimekaa mbele ya mstari huo wiki nzima kama mwanafunzi aliyesahau somo. Nikiufikiria naona hauna kosa, lakini mkono unakataa. Nimechoka, Baba. Hata kuwa sahihi kunachosha.

Binti yako


26 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Afya inaridhisha. Natembea kwa magongo hadi chooni, na nikirudi napokewa kama timu iliyotwaa kombe.

Andika wazee mwisho. Usifute tena.

Uliniuliza kitu kimoja ambacho ungefanya. Nilikuwa nacho tangu mwanzo. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu nusu yake ni yangu.

Asubuhi ile tulisikia injini. Nikachungulia kwenye nondo nikakuona kwa mbali, umesimama mbele ya boti na ile kofia nyekundu. Wodini watu walikuwa wametaharuki, wenye miguu wanataka kukimbilia ngazi huku wakiwaburuta wenzao. Mimi nikatoa sauti ya uwanjani. Nikasema, "Tulieni, msikanyagane. Yule ni binti yangu. Hawezi kutupita."

Wakatulia. Wengine walirudi wakakaa vitandani, wakakusubiri kama wanavyomsubiri daktari apite. Tukasikia boti ikiondoka, ikirudi, ikiondoka, na kila iliporudi niliwaambia sasa ni zamu yetu. Walipoacha kuniamini, vitanda vilikuwa vimeshaelea na kuziba mlango, hakuna aliyeweza kutoka. Kiberiti peke yake ndiye hakunisikiliza. Wenzake wamekaa, yeye anararua mashuka.

Ungepita dirishani kwetu, hata bila kusimama, ukatuambia kwamba hututoi sasa, wenye miguu wawabebe wenzao wapande juu. Maneno hayana uzito, mwanangu. Yasingechukua nafasi ya kichanga chochote kwenye boti ile. Na mimi ningejua la kuwaambia watu.

Liweke hilo kwenye mwongozo wako. Anayeachwa aambiwe, na aambiwe na yule yule anayemwacha.

Baba yako


30 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai magongo umeyazoea na Shangazi hajakuchosha. Nimechelewa kukujibu. Sikununa, kuna jambo nililokuwa naogopa kukuandikia.

Njia fupi ya boti siku ile ilikuwa inapita chini ya madirisha yenu. Mimi ndiye niliyeamuru tuzunguke upande wa pili wa jengo. Niliwaambia vijana kwamba maji ya huko yametulia. Hayakuwa yametulia. Niliogopa nikikuona nitakuingiza botini. Tume haikuniuliza habari ya njia, nami sikusema.

Mstari wako niliuandika. Wakubwa wakaukata. Wanasema utaleta taharuki na kupoteza muda. Nimebishana nao mpaka sauti ikanikauka, wakasema asante kwa mchango wako, wakaenda kunywa chai.

Juzi mto umefurika tena, safari hii kwenye nyumba za nyuma ya viwanda. Tulikuwa na boti mbili na bado hazikutosha. Watoto wa shule ya awali walikuwa wamepanda juu ya madawati. Njiani, kwenye dirisha la nyumba moja, nikamwona mwanamume amembeba mama yake mgongoni. Alipotuona alianza kumshukuru Mungu. Kijana aliyeshika usukani akataka kupita moja kwa moja, nikamwambia asogee dirishani.

Nikamwambia yule mwanamume, "Siwachukui sasa. Naenda kwa watoto, na sijui kama nitawahi kurudi. Vunja dari upande naye. Usinisubiri."

Akanitazama kama nimemtemea mate. Akaniuliza kama nina mzazi. Nikasema nina baba. Akanitukana tusi ambalo siwezi kukuandikia wewe, kisha akanirushia sufuria, likanipata begani. Tukaondoka namsikia bibi akilia na kumsihi mwanawe asinitukane.

Dari walivunja, wakapanda. Jioni tuliwatoa wakiwa hai. Yule mwanamume alikataa mkono wangu, akamshika mwenzangu. Leo asubuhi ameleta malalamiko ofisini, nami nimeitwa kupewa onyo kwa kukiuka mwongozo. Mwongozo wenyewe niliuandika mimi. Nilitaka kucheka, sikuweza.

Bega limevimba. Usingizi hakuna, kama zamani. Lakini yule bibi namkumbuka: kilemba cha kijani kimemlegea, kiatu kimoja kimemtoka. Watu wa wodi yenu sina hata sura moja ya kukumbuka, zaidi ya yako na ya fundi aliyeisema sare yangu.

Jumamosi nakuja. Sitakueleza chochote. Nataka wewe ndiye unieleze, kitanda kwa kitanda kuanzia mlangoni, nani alilala wapi, aliitwa nani, na alikuwa mtu wa namna gani.

Binti yako