Posa ya Mtu wa Usalama

Tabata Kimanga,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Auleria,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta huko Karagwe na nguvu zako, na lile goti limetulia sasa mvua zimekatika. Mie ni mzima kabisa, hata kifua hakinisumbui tena. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kila neno, nami nataka habari hii uipate yote.

Shangazi, nimekubaliwa! Felicitas, yule mwalimu wa chekechea niliyekutajia, namwoa Septemba. Ila nusura nimkose, na chanzo ni kazi yangu.

Wewe unajua nilichosomea: kuangalia watu wasiumie kazini. Kiwandani kwetu tunatengeneza ndoo na mabeseni. Kabla ya kila zamu nakagua mashine, napima kelele na joto, nahakikisha kila mtu kavaa glavu na buti. Kitambulisho changu kimeandikwa Fundi Usalama. Siku moja nilikisahau kwenye ovaroli niliyoianika, mama mwenye nyumba, Bi Zubeda, akakisoma, akashika neno moja tu: usalama. Kufikia jioni mtaa mzima unajua mie ni mtu wa serikali, wale wasiojitambulisha. Nikipita barazani, maongezi yanakatika. Nilipokana ndiyo nikaharibu zaidi, maana wale nao hukana. Nikaacha. Na nisikufiche, wapangaji wenzangu walipandishiwa kodi, chumba changu hakikuguswa.

Basi mwezi wa tatu nikapeleka posa, na baba yake Felicitas, Mzee Polikarpo wa Temeke, akatuma mtu aje kuniulizia mtaani, kama ilivyo desturi. Bi Zubeda akamnong'oneza: "Huyo msimwone anabeba kiporo kwenye kikopo. Mshahara wake hamuuwezi nyie." Wiki iliyofuata majibu ya posa yakaja kwenye karatasi. Mahari milioni sita.

Nilikaa kitandani na ile karatasi mkononi. Mshahara wangu, ukishakatwa yote, ni laki tano na arobaini. Kodi laki na ishirini, na inatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Kwenda kiwandani, hukohuko Temeke, na kurudi napanda magari mawili kila safari, karibu elfu tatu kwa siku. Weka chakula, gesi, umeme, na kile kidogo ninachokutumia. Milioni sita ningeipata nikiwa na mvi. Felicitas alimweleza baba yake ukweli, mzee akacheka. "Hata wewe wameshakufundisha," akamwambia.

Nikaona niende mwenyewe. Jumapili baada ya misa nikafika na mshenga wangu, Isack, tunayefanya naye kazi. Nikamwekea mzee hati yangu ya mshahara mezani. Akavaa miwani, akaisoma kuanzia juu mpaka makato ya mwisho.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, baba."

"Sasa huo usalama wako unalinda nini?"

Majibu ya darasani nikayaacha. Nikasema tu, "Vidole vya watu, baba."

Mama mkwe akainama. Mzee akautoa mkono wa kushoto, aliokuwa ameuweka mfukoni tangu tuingie. Ulikuwa na dole gumba na vidole viwili. Shangazi, nilijua nimemtukana mkwe nyumbani kwake.

"Msumeno wa mbao," akasema. "Kinga yake ilivunjika, tukaambiwa tuendelee hivyohivyo, oda ya watu inasubiri. Hakuwepo mtu wa kusema zima mashine." Akaitazama tena ile hati. "Na huyo wa kusema zima ndiyo wanamlipa hivi?"

"Na wanaona wamezidisha," akadakia Isack.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi, na sie tukamfuata. Kilichobaki kilikuwa chepesi. Akashusha mahari mpaka milioni moja na nusu, na blanketi la mama. "Nyingine utailipa kwa mikono," akasema. Kumbe mpwa wake ana karakana ya samani pale Keko, na msumeno wao uko wazi vilevile.

Jumamosi nikaenda na vifaa vyangu. Nikashinda pale nafunga kinga ya chuma na kuwaonyesha mafundi jinsi ya kusukuma ubao kwa kijiti badala ya mkono. Mzee alisimama mlangoni muda wote. Felicitas aliniambia tangu aumie, miaka kumi na tisa, hajawahi kukanyaga ndani ya karakana. Nilipomaliza nikamwita, "Baba, njoo uujaribu." Akasita. Kisha akaingia, akauwasha mwenyewe, akapitisha ubao. Ulipotoka vipande viwili alivinyanyua juu kama kombe, mafundi wakapiga makofi, na Felicitas akalia mbele za watu.

Bi Zubeda naye ameshajua ukweli. Wiki hiyohiyo kaniongezea kodi elfu thelathini, na umbea barazani umerudi hata nikiwepo! Sijali. Tumepata chumba na sebule Temeke, naweza kwenda kiwandani kwa miguu, nauli yote inabaki mfukoni. Mshahara ni uleule, lakini tumeupigia hesabu mie na mwenzangu, unatutosha.

Nisalimie sana dada Yustina, na mjomba Elinaza mwambie nimemwekea nafasi ya kutoa neno, ila awe mfupi. Nauli yako ya basi nitaituma mwisho wa mwezi huu, usianze kusema mbali. Mzee Polikarpo ananiuliza kila wiki lini anamwona aliyenilea, na mie kila wiki namjibu kwamba utakuja.

Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na njia nyeupe ya kutufikia.

Mwanao anayekupenda sana,
Wilfred