Kifaa Nilichonunua Sirari

Gorong'a, Tarime
Jumapili baada ya ibada

Kwako Mama Tumaini,

Kamwene mke wangu. Mvua zimeshaanza huko Njombe? Viazi mmepanda, au bado mnamsubiri mwenye jembe la kukodi? Na kifua cha Tumaini kinaendeleaje, ile dawa yake ya kuvuta bado ipo? Mimi ni mzima, tena mzima kuliko mwezi uliopita, na ndiyo maana nimechukua karatasi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu unanikatisha kabla sijafika kwenye utamu, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho. Barua hii anakuletea mwalimu mwenzangu anayehamia Makambako. Mpe chai. Ni mtu mzuri, ila ukimkaribisha ndani hatatoka.

Sasa kaa chini. Sijawasha sigara hata moja kwa siku ishirini na tatu!

Najua umecheka. Cheka tu, hata mimi nimecheka nilipohesabu. Lakini ni kweli, na ninayeandika si yule uliyezoea kumsikia akiapa kila mwaka mpya.

Ile likizo ya Juni ilinikaa rohoni. Ulikuwepo, lakini acha nikwambie upande wangu. Nilivuta ya mwisho pale stendi, nikatafuna pipi ya mnanaa, nikajiona mjanja. Nikambeba mwanangu. Hata sebuleni hatujafika kifua chake kikaanza kupiga filimbi, midomo ikabadilika rangi, ukanipokonya mtoto. Likizo nzima nililala kwa kaka kama mgeni wa msiba. Siku ya kuondoka ukaniambia, "Baba Tumaini, ukija tena na sigara, bora usije." Nilikasirika mpaka Singida. Baada ya Singida nikaona umesema kweli, na kutoka hapo mpaka Tarime nilikuwa na aibu tu.

Nilijaribu kuacha kwa nguvu zangu. Nilitafuna karanga, nikatafuna bazoka, nikatafuna mpaka kalamu. Siku ya nne niligombana na mwalimu mkuu kwa sababu ya chaki, nikatoka nje nikavuta mbili mfululizo. Ndipo mwenzetu mmoja hapa shuleni akanidokeza kuhusu vepu, hii sigara ya betri isiyo na moto wala majivu. Akasema wapo watu waliopitia huko wakaachana na sigara.

Unanijua, mimi ni mwalimu wa fizikia, sinunui hata tochi bila kuifungua. Jumamosi nikaenda Sirari, kwenye duka la mama mmoja Mkenya anayeuza kava na chaja za simu. Vepu zake amezipanga ndani ya kioo kama saa za mkononi. Nikavutiwa na moja kubwa, nzito, yenye taa na kioo cha namba. Nikajiona nimesimama nayo kwenye baraza la shule! Yule mama akaniangalia juu mpaka chini.

"Customer, kwa siku unavuta ngapi? Na usinidanganye."

"Pakiti moja."

"Umeshawahi tumia hizi?"

"Bado."

"Basi wachana na hiyo. Hiyo ni ya watu wa kutoa mawingu. Itakukohoza hapa hapa, halafu useme Sirari wamekuuzia sumu."

Akanitolea za kutupa, zile za rangi rangi. Bei yake ukiiona unafurahi, lakini nikamuuliza inakaa siku ngapi. Akakiri kwamba kwa mvutaji kama mimi haimalizi wiki, ikiisha unatupa na betri yake nzima. Hesabu hiyo haikunipendeza, maana hicho kinachoitwa rahisi ningekinunua kila Jumamosi. Mwishowe akanionyesha kadogo, hakazidi kiberiti cha gesi kwa unene. Hakana kitufe. Unavuta kanajiwasha, kanachajiwa na chaja ya simu yangu hii hii, maji yake unajaza mwenyewe, na kile kipande cha ndani kinachopasha maji kikichoka unabadilisha hicho tu. Nikamwambia hicho ndicho. Akataka kunipa maji yenye harufu ya embe, nikakataa, wanafunzi wa kidato cha kwanza wangenifuata mpaka nyumbani. Nikachukua yenye ladha ya tumbaku, nikotini ya kati, akasema nikizoea nishuke.

Akanisisitiza kitu kimoja. "Ukijaza, wachia ikae dakika kumi kwanza. Usiwe na haraka."

Mke wangu, unadhani nilisubiri dakika kumi? Nilisubiri mbili. Nikavuta ladha ya kitambaa kilichoungua kwa pasi. Nilikohoa mpaka kuku wa jirani wakahama. Lakini kesho yake nikafuata maelekezo na mambo yakawa tofauti kabisa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, wiki ikaisha. Nguo zikaacha kunuka. Chai ikarudi kuwa na ladha, na mlima wa kwenda shuleni naupanda huku naongea. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kila mtu nilimwonyesha. Nikapanga kabisa nitakavyoingia nyumbani Desemba nikiwa nacho mfukoni, nikuonyeshe jinsi mumeo alivyo na akili.

Hapo ndipo Mzee Marwa akaingia. Ni mwenye nyumba yangu, nimeshakuandikia habari zake, yule wa ng'ombe wengi na maneno machache. Tulikuwa tunavuta wote jioni ukutani kwake. Alipoona sivuti, akanuna, akadhani nimemdharau. Wiki mbili alivumilia, halafu akanyoosha mkono.

"Wewe mura, lete hiyo kitu nionje."

"Shikamoo mzee. Ni ya umeme hii. Vuta taratibu, kidogo tu."

"Unanifundisha kuvuta? Mimi?"

Sasa uelewe, wazee wa huku pombe yao wanaizunguka chunguni, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mrija ule ukiuvuta kilegevu hupati kitu. Mzee Marwa akakaa vizuri, akaweka mkono mmoja gotini, akafumba macho, akaivuta vepu yangu kama anataka kumaliza chungu kabla wenzake hawajafika. Maji yote ya ndani yakapanda. Yakamfika ulimini.

Mama Tumaini! Alivyotema! Alisimama, akatema tena, akamwita mkewe kwa Kikurya, yule mama akatoka na kibuyu cha maji akamsukutua kama mtoto. "Pombe gani hii inauma ulimi?" akaniuliza, macho yamemtoka. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, maana kifaa kilikuwa kinagugumia kama bomba lenye hewa, kikazima. Mzee akajisikia vibaya. Akatoa pakiti yake, akanipa sigara moja, kwa upole kabisa, kama mtu anayelipa alichovunja.

Niliishika. Sikufichi, niliinusa. Na jioni ile nilikuwa naitaka kuliko chakula. Nikamfikiria Tumaini na ile filimbi ya kifuani, nikamrudishia mzee sigara yake mkononi. Akaitazama, naye akairudisha kwenye pakiti bila kuiwasha.

Kesho yake nikaenda zahanati kumwona Sista Mwanaidi, muuguzi wetu, Mtanga. Nilienda kuulizia ulimi wa mzee, akasema akishasukutua na hatapiki ni sawa, ila yale maji ni sumu na niyafungie kabatini. Nikaona nijisifu. Nikamwambia mpango wangu wa Desemba. Hakutabasamu.

"Mwalimu, umefanya vizuri kuacha sigara. Lakini hiyo nayo si dawa, nikotini bado unayo. Na mvuke wake kwa mtoto mwenye pumu si kitu cha kuleta ndani. Ukienda kwa mwanao, nenda bila."

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Nilikaa na kile kifaa mezani, nimekifungua, nimekikausha kwa karatasi, kipande kipya cha kubadilisha kiko pembeni tayari. Kilichobaki ni kukiunganisha tu. Nikasema nitaunganisha kesho. Kesho ikafika nikasema kesho. Leo ni siku ya sita, Mama Tumaini. Siku ya sita bila sigara na bila hicho! Siku mbili za mwanzo zilikuwa mbaya, nilimfokea hata mwalimu wa dini. Juzi Ijumaa nilifundisha vipindi vyote vinne sikukumbuka kabisa. Nimekifungia kwenye kabati la maabara na ufunguo nimempa mwalimu mkuu, yule yule wa chaki, naye amenipa mkono mbele ya wenzangu. Sikuahidi milele, nimeshaahidi sana. Nakwambia tu siku zilizopita.

Nisalimie mama mkwe, mwambie shikamoo yangu imebeba na salamu za mvua za huku. Nisalimie kaka aliyenilaza Juni, mke wake, na shangazi wa kanisani anayeniombea bila kuchoka, mwambie asiache sasa hivi. Mzee Marwa na mkewe wanakusalimu pia.

Shule ikifungwa napanda basi. Nitakuja na begi la nguo na mkungu wa ndizi. Kutoka stendi nitakuja moja kwa moja nyumbani, nitaoga, nitabadilisha shati, halafu nitakaa kwenye kiti nisubiri. Sitamshika mpaka wewe mwenyewe umlete na umweke mapajani pangu. Akikohoa hata mara moja, nitaelewa na nitarudi kwa kaka bila maneno. Lakini asipokohoa, mke wangu, nakuomba usimchukue haraka.

Ni mimi mumeo,
Baba Tumaini