Mkono wa Baba Mkutanoni

Uccle, Brussels
4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mwanangu Michelle hatujambo, ila mvua ya huku haikatiki. Miguu yako je, bado inakusumbua?

Jirani yako Samson kanitumia picha mkipogoa mibuni. Nimeona kavaa koti la mvua nililokutumia wewe Krismasi. Jamani, Baba! Nililichagua kwa kipimo chako.

Daktari wa Bukoba kaniambia presha ya macho yako haiponi. Utaona mwaka mmoja zaidi, labda miwili. Basi njoo. Mjukuu wako ana miaka tisa, hujamwona uso kwa uso. Karatasi nitashughulikia mimi. Naomba jibu lako, si la kijiji.

Binti yako,
Adelina


Rwamishana
2 Machi 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Miguu ipo, namshukuru Mungu. Anayeniandikia ni Nusura, mtunza stoo wetu, maana mistari siku hizi inanikimbia.

Koti lilifika, likaenda stoo. Si unajua? Kitu kikiingia kijijini ni cha wote, anakipata anayekihitaji zaidi. Ndivyo nilivyowakuta Wayahudi wakiishi kwenye kibutzi, kijiji chao cha ushirika, kule Galilaya, serikali iliponipeleka kujifunza kilimo mwaka 1965. Jiko moja, stoo moja, na mtu akitaka kusafiri anaomba mkutanoni, mikono inahesabiwa. Niliporudi na desturi hiyo nyumbani, kaya sitini zilinifuata. Leo tumebaki wanachama saba na sufuria moja. Lakini siwezi kujipa ruhusa mwenyewe. Mkutano ni mwezi wa tano.

Baba yako,
Laurean


Uccle
17 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Mkutano! Mwaka 1999 nilisimama mbele yenu, nikiwa na miaka ishirini, naomba kuja kusomea uuguzi. Thelathini na mmoja walikubali, thelathini walikataa. Mkono wa kwanza kukataa ulikuwa wako. Huku nawavisha soksi wazee wa watu kila asubuhi, na kila asubuhi nauona ule mkono. Kanuni ilikuwa tamu kwako kuliko mtoto wako. Imeniuma na bado inaniuma.

Haya, waombe. Kisha niandikie kwamba wamekataa.

Adelina


Rwamishana
26 Mei 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Nimechelewa. Barua yako Nusura kanisomea mara tatu, na kila mara nilimwambia nitajibu kesho.

Kanuni ya kwanza niliiandika mimi: kura ya mwanachama ni ya kijiji, si ya nyumba yake. Zahanati yetu haikuwa na muuguzi. Heri ya kijiji ilikuwa uende ukasome. Waliokubali walishika kanuni. Mimi niliivunja. Mama yako tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Jikoni tulikula watu mia tatu, na mimi bila wewe ningekula peke yangu. Basi nikainua mkono, na wengine ishirini na tisa wakanifuata wakidhani najua zaidi. Niliona haya kukuambia. Nusura kaacha kuandika, ananitazama. Andika, mama.

Mkutano ulikaa Jumapili iliyopita. Nilisema shida yangu. Samson akauliza, "Kuna mtu anamhitaji Adelina kuliko huyu mzee?" Mikono ikainuka sita. Wa saba ni wangu, nao ulikuwa wa kukubali.

Samson karudisha koti stoo.

Baba yako,
Laurean

Ni mimi Nusura: mzee kalijaribu koti mara nne. Linamkaa vizuri.


Uccle
9 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Ubalozini wanakungoja tarehe 3 Julai, Samson akusindikize. Koti usiliache, huku mvua bado inanyesha.

Jana nilimweleza Michelle habari za jiko lenu. Leo kaweka sahani tatu mezani. Nimemwambia bado mapema, amekataa kuiondoa ya tatu.

Binti yako,
Adelina