Nusu ya Maneno ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la mama lina nafuu, ingawa najua anakataa dawa kwa nguvu zake zote. Mimi sijambo, ila usingizi umenihama.

Ukalimani hapa mahakamani ni ule ule. Naketi katikati ya wakili wa kampuni ya mbao na watu wetu wa msituni, kwenye meza inayoyumba niliyoiwekea kadibodi chini ya mguu. Hakimu hunitania kwamba mimi ndiye mtu pekee humu asiye na maneno yake mwenyewe.

Hali si nzuri, dada. Kesi ya msitu wetu itasikilizwa keshokutwa, Alhamisi, nawe ndiye shahidi wa mwisho. Mpima ardhi aliyekuwa atuletee ramani ya zamani amehamishwa ghafla, na meza yake imeshafutwa vumbi. Jana tarishi aliniuliza kama mama ana mtoto mwingine wa kumtunza zaidi yetu wawili. Nilipotaka kujua kwa nini, alisema amejisemea tu, akaondoka akiacha chai yake.

Wakili anatamba kwamba shauri limekwisha, kwa kuwa mama mwenyewe alikiri kuwa msitu si wetu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye jalada. Nawe umeapa kuja kusema kwamba mama hakuishia hapo.

Kweli hakuishia hapo. Alisema msitu si wetu, ni wa watoto ambao hawajazaliwa, sisi tumeachiwa tuulinde. Nani kwetu asiyejua usemi huo? Maana yake hakuna mwenye haki ya kuuza. Mimi nilitafsiri maneno matatu ya kwanza, nikanyamaza. Karani mkuu alikuwa ameniahidi ajira ya kudumu iwapo nitafupisha majibu. Huko nyumbani mnamlaumu hakimu, kumbe ni mimi. Naona aibu hata kuandika.

La pili ni baya zaidi. Wiki iliyopita dereva wa wakili alikusifu sana, eti hajaona mwanamke jasiri kama wewe, akauliza safari yote hiyo huwa unakujaje. Kichwa kikanivimba, nikamwambia unakuja kwa miguu, alfajiri, peke yako, kwa njia ya machimbo ya mawe. Leo nimemwona akimchorea mtu nisiyemjua njia hiyo nyuma ya bahasha.

Usipite machimboni. Usije kabisa. Alhamisi nitasimama mimi niseme maneno ya mama yote, wanifanye watakalo.

Mshonaji anayekuletea barua hii hakupata gari la leo, na la kesho hana hakika nalo. Nisalimie mama na shangazi. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Na kama mshonaji amekukuta njiani, ukifika kwenye mstari huu usimalizie barua, geuka.

Mdogo wako akupendaye,
Kidomo