Bibi Alipoacha Kukohoa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka nyumba ile ile uliyotuacha nayo, yenye mlango unaokwama na dirisha linalotazama bwawa. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba yule mdogo ameshaota meno na sasa mnalala. Baba anakula kidogo, anatembea kidogo, anaongea kidogo zaidi. Umeniuliza mara nyingi kwenye simu kwa nini hataki kuja kukaa kwako, na kila mara nimekujibu kwamba wazee hawapendi kuhama. Leo nataka kukujibu vizuri, na kwa simu nisingeweza.

Naanza na mlio. Unaukumbuka mlio wa Bibi? Mimi haunitoki masikioni. Ule mkwaruzo mrefu wa chuma juu ya chuma, unaoanzia chini kama mtu anayejisafisha koo, ukapanda, kisha ule mshindo wa uzito kugonga zege. Tulipokuwa wadogo ulinitisha, na wewe ulikuwa ukiniigizia chini ya kitanda hadi nalia.

Wewe uliondoka hapa akili yako ikiwa kwenye mpira wa miguu, kwa hiyo huenda hukuwahi kujua kwa nini lango lile tuliloliita Bibi lilikohoa. Lango la kumwagia maji halina mota, wala mtu wa kulifungua. Pembeni yake kuna kisima, na ndani ya kisima kuna boya la chuma kubwa kama chumba chetu cha kulala. Maji ya bwawa yakipanda kupita mdomo wa kisima, yanamwagika ndani, boya linaelea, mkono unavutwa, uzito wa nyuma unashuka na lango linanyanyuka lenyewe. Bwawa likishuka, kisima kinajikausha kupitia tundu dogo na lango linarudi chini. Hivyo bonde halifuriki, na mitambo ya umeme haikosi maji. Nilipolisomea chuoni nilijisikia kama mtu anayesomeshwa habari za bibi yake mzaa mama.

Lakini kuna jambo halikuwa vitabuni. King'ora cha kuwaonya watu wa chini kilikufa zamani, na hakuna aliyehangaika kukifufua, kwa sababu lango lilijitangaza lenyewe. Bawaba ya kulia ilipakwa grisi kila mwezi. Ya kushoto iliachwa kavu makusudi. Lilikuwa agizo la mdomo, mlinda lango kwa mlinda lango, na baba alinipa mimi nikiwa bado nabebwa mabegani. Aliniambia kwamba ya kushoto ndiyo koo la Bibi, na koo halipakwi grisi. Bibi akianza kukohoa, wanawake wanaofua kwenye miamba ya chini walikuwa na muda wa kukusanya nguo, kugombana kidogo kuhusu ndoo ya nani ni ipi, na kupanda ukingoni bila kukimbia.

Katika hao, Mama Povu ndiye aliyekuwa kiranja. Ndiye aliyekuwa akiwapigia wenzake kelele kwamba Bibi ameamka, okoteni aibu zenu. Nilipoajiriwa hapa, mdogo kwa baba kwa umri na mkubwa wake kwa cheo, alicheka hadi akakaa chini. Aliniita injinia wa maji ya kunawa, akaniuliza kama asubuhi namwamkia baba au namkagua. Nilikuwa nikipita njia ya mbali kumkwepa, na sasa natamani hata tusi lake moja.

Mama aliporudishwa kutoka hospitali, madaktari walisema tumtunze nyumbani. Wewe ulikuwa safarini, mimi nilikuwa nimepelekwa kwenye bwawa jingine na narudi mwisho wa wiki tu. Baba alibaki naye. Ulikuwa msimu wa mvua, na Bibi alikohoa mchana na usiku. Unajua nyumba yetu ilivyo karibu. Mama alikuwa akipata usingizi kwa shida, dakika chache baada ya dawa, halafu ule mkwaruzo unamshtua, na akishtuka mwili mzima unakaza na maumivu yanaanza upya. Hakulalamika. Alisema tu kwamba Bibi na yeye ni wagonjwa wawili wanaopokezana zamu.

Wiki moja niliporudi nilimkuta amelala fofofo, mdomo wazi kidogo, kama zamani alipokuwa akisinzia kwenye kiti na uzi wa kufumia mkononi. Sijawahi kufurahi vile. Alipoamka alinitania kwamba Bibi amepata adabu uzeeni. Nilidhani mvua zimepungua. Mimi, mwenye shahada ya maji, nilidhani mvua zimepungua.

Ajali ya Mama Povu unaijua kama ulivyoisikia. Huku kwetu jua lilikuwa linawaka, nguo zinakauka, angani hakuna wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali juu, kwenye milima ya chanzo cha mto. Maji yalipanda, kisima kikajaa, lango likafunguka. Wenzake walikuwa wamepanda ukingoni kuanika. Yeye alibaki kwenye mwamba wa mwisho, amewapa mgongo, anasuuza. Wanasema hakugeuka hata mara moja. Walimkuta kwenye kona ya mto.

Mama alimfuata kabla ya mwezi kuisha, nawe ukaja kuzika. Ulimpa pole mume wa Mama Povu, yule fundi viatu, kisha ukaniambia pembeni kwamba umri huo masikio huwa yamechoka. Niliitikia kwa kichwa. Wakati huo nilikuwa nimeshakagua lango na kuandika kwamba lilifunguka kwenye kipimo chake sahihi na halina hitilafu. Ilikuwa kweli. Lilifanya kazi yake yote. Nilikagua boya, kisima, mkono, na lango lenyewe. Bawaba ziko juu, na baba aliniambia amezitazama yeye, nisipande na huku nina msiba wa mama unaoninyemelea. Meneja akachukua maneno yangu akayasoma mbele ya wafanyakazi, akamalizia kwa lake, kwamba marehemu alikuwa mzito wa kusikia na mzembe, na kwamba iwe fundisho. Tangu hapo ndivyo anavyotajwa. Watoto wakichelewa kuitika wanaulizwa kama wamekuwa Mama Povu.

Wiki mbili zilizopita fundi viatu aliniletea viatu vyangu vya kazi, ameviwekea soli mpya bila kuombwa. Hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni akaniambia hana ugomvi na mtu, ila ana swali moja ambalo kwa kuwa nimesoma huenda nikamjibu. Mke wake akiwa chumba cha nyuma, redio inaimba, bado alikuwa akimsikia mumewe akifungua kopo la sukari kwa siri. Miaka yote hiyo hajawahi kufanikiwa kulamba sukari bila kuitwa jina kutoka chumba cha pili. Sasa mtu huyo alikosaje kumsikia Bibi? Alisema nikipata jibu nimwambie, nisipopata pia nimwambie, kwa sababu amechoka kuliuliza kopo.

Nilivaa vile viatu nikapanda kwenye lango.

Bawaba ya kushoto ilikuwa imejaa grisi, nzuri, laini, imepakwa na mtu anayejua kazi. Na kule uzito unapogongea zege kulikuwa na vipande vya mpira wa ndani wa tairi, vimepangwa kama matofali, na kati ya mpira na mpira kuna kitambaa kimekunjwa ili usiteleze. Nilikivuta pembe moja. Kaka, ni lile blanketi la bluu lenye ukingo mweupe, lililokuwa miguuni mwa mama, ambalo baba alituambia limeungua kwa pasi.

Nilikaa pale juu hadi miguu ikafa ganzi. Nilifikiri kulirudisha lile blanketi mahali pake na kushuka. Hakuna mwingine anayepanda kule zaidi ya baba na mimi, na tangu mvua zikatike lango halikuwa limefunguka tena. Maneno yangu yalishasomwa, marehemu alishazikwa. Nilifikiri hayo yote kwa utulivu mkubwa, na huo utulivu ndio ulionitisha kuliko kitu chochote.

Baba nilimkuta jikoni anachambua maharage. Nililiweka lile blanketi mezani. Hakuuliza limetoka wapi. Aliendelea kuchambua hadi sinia likaisha, kisha akasema kwamba mama alilala. Alisema wiki zile zote alilala, na mimi mwenyewe nilimwona.

Halafu alinieleza. Alijua alichokifanya. Alijua kabisa lile agizo, ndiyo maana alijipangia kuwa koo la Bibi yeye mwenyewe. Kila saa alikwenda kutazama ubao wa kipimo, na maji yakikaribia mdomo wa kisima alishuka hadi ukingoni akapuliza ile filimbi yake ya zamani. Wanawake walimcheka, wakamuuliza kama amekuwa refa. Ilifanya kazi, na kwa kelele ya filimbi hakuna aliyegundua kwamba Bibi hakohoi. Siku ile anga ilikuwa safi, na mama alikuwa ameamka bila maumivu, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa muda. Alimwomba akae naye kidogo amsimulie walivyokutana, maana alikuwa anaanza kusahau sehemu. Baba akakaa. Alisema alikuwa amefika pale baba mkwe wake alipomkataa kwa sababu ya viatu vyake, na mama anacheka, waliposikia kelele za wanawake.

Kuna jambo moja alilobakiza hadi mwisho, akalisema akitazama sinia tupu. Mama Povu alikuwa anafua shuka za mama. Alikataa kumwachia mtu mwingine, alisema mgonjwa anajua mkono unaomfulia. Kwenye ile kona ya mto walimkuta nazo zimemzunguka, na baba alizitambua mbele ya watu wote, akanyamaza.

Nilimuuliza kama mama alijua. Alisema hapana, na akaniomba kitu kimoja tu, kwamba popote nitakapoeleza, nisiache mtu akadhani mama ndiye aliyeomba kimya. Hakuomba. Basi nakuandikia na wewe hivyo hivyo: hakuomba.

Najua utasema nini. Wewe ndiye mkubwa, na jambo la nyumba hii lilipaswa kuletwa kwako kwanza, tukae, tupime. Baba ni mzee, amezika mke, na alichofanya alikifanya kwa mapenzi. Yote hayo nimejiambia kwa sauti yako, na sauti yako ni nzuri, ilikaribia kunishinda. Lakini fundi viatu naye ana mapenzi, na yake yamebaki na mke anayetajwa kama mfano wa uzembe.

Juzi nilikwenda kwake. Baba alinifuata njiani bila kuitwa, amevaa koti la kazi. Tulimkuta amebana kiatu magotini. Nilimwambia kwamba mke wake alikuwa na masikio mazima, ila siku ile hapakuwa na cha kusikia, na kwa nini hapakuwa. Baba alisimama kando yangu. Fundi viatu alishona mshono wote hadi mwisho, akakata uzi kwa meno. Aliuliza kama basi mke wake alikuwa anasikia. Nikamwambia alikuwa anasikia. Akaweka kiatu chini, akafunika uso kwa mikono yake yenye gundi, na sisi hatukujua kama tuondoke au tukae. Mwishowe alimwambia baba akae. Hakumwambia amemsamehe, wala sidhani atamwambia. Alimwambia akae tu, kwa sababu miguu yake inatetemeka.

Jana nilipanda na mafuta ya taa na matambara, nikaisugua bawaba ya kushoto hadi chuma kikabaki kikavu, nikatoa mipira yote. Kisha nikapeleka taarifa mpya ofisini kwa mkono wangu, yenye jina la baba, na chini yake jina langu mimi niliyekagua bila kupanda. Meneja aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Imeshapigwa muhuri, na nakala nimempa fundi viatu. Kwa hiyo usipige simu kunizuia, kaka. Piga uongee na baba. Amefunga sanduku lake dogo, ameliweka karibu na mlango, anakaa kando yake akisubiri watakaokuja kumwita. Ndiyo sababu hawezi kuja kwako.

Asubuhi hii maji yalipanda. Bibi alikohoa kwa muda mrefu, na wanawake wote walipanda ukingoni. Baba aliinuka kitini, akavua kofia.

Wifi mbusu kwa ajili yangu, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka kwa majina yote mawili mawili. Baba anakusalimu, ameisoma barua hii kabla sijaifunga, na hakunitaka nifute kitu.

Ni mimi, mdogo wako,
aliyekuwa akilia chini ya kitanda